Dirisha la Usajili Lisigeuzwe Dirisha la Madeni

Kila mwaka, mahindi yanapokuwa yakivunwa katika uwanda wa Ufipa, na mpunga wa Bonde la Rukwa umekwisha kuingia maghalani, nchi yetu huingia katika msimu mwingine wenye pilikapilika usiohusiana na jembe. Huo ni msimu wa usajili wa wachezaji wa kandanda. Ligi imekwisha, viwanja vimenyamaza, na mazungumzo ya barazani, tangu hapa Mtowisa mpaka Darajani na Chake Chake, ni ya nani amehama, nani amekuja, na kwa fedha kiasi gani. Picha hupigwa, kalamu hushikwa, jezi huinuliwa juu, na mashabiki hushangilia kana kwamba bao limekwisha kuingia wavuni.

Katika vifijo hivyo liko swali moja linaloulizwa na wachache. Je, mwezi wa Februari, wakati ligi imefika katikati na viingilio vimepungua, mshahara wa mchezaji huyu utatoka wapi?

Mkulima wa Ufipa analielewa swali hili kuliko viongozi wengi wa klabu. Yeye anajua kwamba mwezi wa Julai kila mtu ni tajiri. Kihenge kimejaa, walanguzi wako mlangoni, na sherehe ziko kila kijiji. Lakini anayepima debe lake la Julai bila kukumbuka Februari, Februari itampima yeye. Likizo ya kandanda nayo ni Julai ya klabu. Timu hujengwa au hubomolewa katika majuma hayo machache, mezani, kwa kalamu, kabla mpira haujapigwa hata mara moja.

Rai ya safu hii ni kwamba wakati umefika wa kuweka ukomo wa mishahara katika Ligi Kuu yetu. Ukomo huo upimwe kwa mapato ya kila klabu, na uthibitishwe kabla dirisha la usajili halijafungwa. Hatusemi hivyo kwa kuwaonea wivu vijana wanaolipwa vizuri. Tunasema hivyo kwa sababu mshahara ulioandikwa katika mkataba lakini haulipwi si mshahara, ni ahadi ya mlevi.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Katika miaka ya 1970 na 1980 kandanda yetu ilikuwa ya ridhaa. Wachezaji wengi walikuwa watumishi wa mashirika ya umma, viwanda na majeshi. Mchezaji alipokea mshahara kama karani, fundi au askari, na timu ilipofungwa mshahara wake haukufungwa pamoja nayo. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake, lakini daftari la mishahara lilikuwa la mwajiri, na mwajiri alikuwa na kazi nyingine iliyomwingizia fedha. Mashirika yalipodhoofika na mengine kubinafsishwa katika miaka ya 1990, klabu nyingi zilibaki na mpira bila daftari.

Leo hali ni tofauti kabisa. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, lilitia saini na kampuni ya Azam Media mkataba wa kuonyesha Ligi Kuu kwa miaka 10, wenye thamani ya Sh. 225.6 bilioni. Benki ya NBC ikaingia mwaka huo huo kuwa mdhamini mkuu wa ligi. Mafanikio ya uwanjani yamefuata. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, ikalikosa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini tu mbele ya USM Alger. Simba nayo ilifika fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2025, na ndugu zetu wa Visiwani ni mashahidi, maana mchezo wa marudiano dhidi ya RS Berkane ulichezwa Amaan tarehe 25 Mei, ukaisha kwa sare ya 1–1, kombe likaenda Morocco kwa jumla ya mabao 3–1.

Haya ni mambo ya kujivunia. Lakini kilele cha mlima kisitufanye tusahau mabonde. Tufanye hesabu nyepesi. Sh. 225.6 bilioni kwa miaka 10 ni wastani wa Sh. 22.56 bilioni kwa mwaka. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba fedha hizo zote zingegawiwa sawasawa kwa klabu 16, bila makato yoyote. Kila klabu ingepata Sh. 1.41 bilioni kwa mwaka. Tuseme tena kwamba klabu imetenga asilimia 70 ya fedha hizo kwa mishahara. Hiyo ni Sh. 82.25 milioni kwa mwezi. Ukiwagawia wachezaji 30 pamoja na makocha na wasaidizi watano, kila mtu anapata Sh. 2.35 milioni. Hapo hatujalipa nauli ya basi kutoka Mbeya mpaka Bukoba, wala hoteli, wala daktari, wala fedha za kusaini ambazo ndizo zinazopamba magazeti. Na kwa hakika makato yapo, na mgawo si sawa. Basi klabu ya kawaida isiyo na tajiri, inapotangaza mwezi wa Julai kwamba imeleta wachezaji wa kigeni kwa mamilioni, mwananchi ana haki ya kuuliza kama ameonyeshwa ghala au ameonyeshwa picha ya ghala.

Mifano ya yale yanayofuata haiko mbali. Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017 kwa kishindo, ikiwa na wadhamini, wachezaji wa kigeni na kocha Hans van der Pluijm aliyetoka Yanga. Mwaka 2018 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi yetu. Mwaka 2020 ilishuka daraja, na kabla ya kushuka malalamiko ya mishahara yalikuwa yamekwisha kujaa magazetini. Waswahili walisema zamani: kukopa harusi, kulipa matanga.

Mwezi Agosti 2023 iliyokuwa Kitayosce ya Tabora ilifika uwanja wa Azam, Chamazi, kwa mchezo wake wa kwanza wa Ligi Kuu ikiwa haina hata wachezaji 11, kwa kuwa ilikuwa imefungiwa kusajili kutokana na deni. Mchezo ulivunjika katika kipindi cha kwanza, Azam ikiongoza kwa mabao 4–0. Wapo waliocheka. Sisi tunaona kwamba kilichofungwa siku ile ni heshima ya ligi nzima. Mtazamaji alilipa kiingilio, televisheni ilifungua matangazo, na vijana wachache wakasimamishwa mbele ya kadamnasi kulipa kwa aibu deni ambalo si lao.

Jirani zetu wa Mbarali nao wana la kusimulia. Timu yao ya Ihefu iliyopanda kwa jasho la wilaya ile ilihamishiwa Singida mwaka 2024, na leo inaitwa Singida Black Stars. Klabu isiyo na mapato yake yenyewe humfuata mwenye mfuko, kama kivuli kinavyomfuata mtu.

Nchi nyingine zimefanya nini? Katika Marekani, ligi ya mpira wao wa mikono na miguu, NFL, iliweka ukomo wa mishahara mwaka 1994. Mwaka huo kila timu iliruhusiwa kutumia Dola 34.6 milioni tu. Mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa Dola 279.2 milioni. Ukomo huo ni mmoja kwa timu zote, tajiri na maskini, na unatokana na mapatano baina ya wenye timu na chama cha wachezaji, ambacho wanachama wake wamehakikishiwa karibu nusu ya mapato ya ligi. Tena ziko kanuni za kiwango cha chini, ili tajiri asijifiche nyuma ya ukomo na kuwapunja watu wake.

Kwa sababu hiyo, kazi kubwa ya mhasibu wa timu za huko hufanyika wakati wa likizo, na iko kanuni yao moja ambayo viongozi wetu yafaa waijue. Tuieleze kwa shilingi. Klabu imemsajili kijana kwa miaka mitatu, ikampa fedha ya kusaini Sh. 90 milioni na mshahara wa Sh. 3 milioni kwa mwezi. Fedha ya kusaini imekwisha kutoka, lakini katika daftari inagawanywa kwa miaka mitatu, Sh. 30 milioni kila mwaka. Ukijumlisha na mshahara wa Sh. 36 milioni, kijana huyu anahesabiwa Sh. 66 milioni kwa mwaka. Klabu ikimwacha baada ya mwaka mmoja, zile Sh. 60 milioni zilizobaki hazifutiki. Zinaendelea kukaa katika hesabu ya timu na kuchukua nafasi ya mchezaji mwingine, ingawa mwenyewe hayupo tena. Wao huziita fedha mfu. Kwetu sisi fedha mfu zipo tele, ila hazina kaburi lililoandikwa jina. Kila likizo tunaacha wachezaji tuliowaleta likizo iliyopita, tunaleta wengine, na hakuna anayehesabu maiti.

Ulaya ilifuata njia nyingine. Katika Hispania kila klabu hupangiwa kiwango chake kulingana na mapato yake, na mkataba unaozidi kiwango haukubaliwi kuandikishwa. Ndiyo sababu Barcelona, pamoja na ukubwa wake wote, ilishindwa kumwandikisha upya Lionel Messi mwezi Agosti 2021, akaenda Paris. Shirikisho la Ulaya, UEFA, nalo lilianza mwaka 2023 kuzibana klabu zinazoshiriki mashindano yake. Gharama za kikosi zisizidi asilimia 90 ya mapato, kisha 80, na kuanzia msimu wa 2025/26 zisizidi asilimia 70.

Ipi inatufaa? Kwa maoni yetu, ukomo mmoja kwa klabu zote hautufai. Tukiupima kwa uwezo wa klabu ndogo, Simba, Yanga na Azam zitafungwa mikono mbele ya Al Ahly na Mamelodi Sundowns, ambazo hazitafungwa na kanuni yetu. Tukiupima kwa uwezo wa klabu kubwa, utakuwa paa lililo juu mno kiasi kwamba mnyonge atanyeshewa akiwa chini yake. Kinachotufaa ni sehemu ya mapato: kila klabu itumie kwa mishahara na fedha za kusaini sehemu maalumu ya kile ilichokiingiza kweli, si kile inachotumaini kukiingiza.

Wala jambo hili la kutenga sehemu maalumu si geni kwetu. Halmashauri zetu zimewekewa kwa sheria kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nchi inayoweza kuipanga fedha ya umma kwa 4–4–2 haiwezi kushindwa kuupangia mpira wenyewe fomesheni ya fedha.

Hapa litaulizwa swali la wafadhili. Klabu zetu nyingi haziishi kwa viingilio bali kwa ukarimu wa mtu au kampuni. Je, ahadi ya mfadhili ni mapato? Jibu linapatikana kwa wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi, ambao tangu mwaka 2007 wamekuwa wakitumia stakabadhi ghalani. Mkulima hauzi maneno. Anapeleka mzigo, unapimwa, unawekwa ghalani, anapewa stakabadhi, na mnada unafanyika juu ya kitu kilichopo. Basi na mfadhili afanye vivyo hivyo. Fedha aliyoiweka benki kwa jina la klabu, au iliyodhaminiwa na benki kwa msimu mzima, ihesabiwe. Ahadi aliyoitoa kwenye karamu isihesabiwe hata senti moja.

Tuliosoma vyuoni kabla ya kukaa katika madawati ya serikali tunakumbuka kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, katika sura ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana deni. Haihusu vita wala ufalme. Inahusu daftari, mwandishi mwadilifu na mashahidi. Na wahenga wetu wamelifupisha jambo hilo hilo: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wako watakaosema kwamba ukomo wa mishahara ni njia ya kumkandamiza mchezaji, ambaye maisha yake uwanjani ni mafupi. Hoja hii ni nzito, na haifai kupuuzwa. Ukomo ukiwekwa na wenye klabu peke yao, bila shaka utakuwa kamba ya kumfungia mchezaji. Kwa hiyo ni lazima chama cha wachezaji, SPUTANZA, kikae mezani tangu siku ya kwanza. Na ni lazima ukomo wa juu ufuatane na kima cha chini cha mshahara, pamoja na adhabu kwa klabu inayochelewesha malipo. Kanuni za FIFA tangu mwaka 2018 zinamruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara miwili ya mwezi kuitumia klabu notisi ya siku 15, kisha kuvunja mkataba. Lakini kijana aliyetoka kijijini hajui kuiandika notisi hiyo, na akijua, anaogopa.

Ndugu zetu wa Visiwani hawajasahau mgogoro wa Feisal Salum, kijana wa Zanzibar aliyepitia JKU kabla ya kuingia Yanga. Mwezi Desemba 2022 alitaka kujitoa kwa kurudisha Sh. 112 milioni, yaani fedha ya usajili pamoja na mishahara ya miezi mitatu. Klabu ilikataa, kamati za TFF zikaamua kwamba yeye bado ni mchezaji wa Yanga, na jambo likavutana mpaka Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoutaka uongozi wa Yanga ulimalize, ndipo akahamia Azam. Hatuingii katika kuhukumu nani alikuwa na haki. Tunachosema ni kwamba mkataba mmoja wa kandanda usingepaswa kufika meza ya Mkuu wa Nchi. Ulifika huko kwa sababu hatuna utaratibu unaompa mchezaji anayekua nafasi ya kupitiwa upya mshahara wake kila likizo, kwa hesabu inayojulikana na pande zote mbili. Ukomo unaopimwa kwa mapato ungeleta na manufaa hayo: mapato ya klabu yakipanda, sehemu ya wachezaji inapanda, na kila mmoja anajua anadai nini.

Jambo la mwisho linawahusu moja kwa moja viongozi wa serikali. Klabu kadhaa ni mali ya umma au zinategemea umma. KMC ni ya Manispaa ya Kinondoni, Dodoma Jiji na Mbeya City zimezaliwa na halmashauri za miji yao, Prisons ni ya Magereza, JKT Tanzania ni ya Jeshi la Kujenga Taifa. Kule Zanzibar, KMKM, JKU, Mafunzo, KVZ na Zimamoto ni timu za vikosi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, yaani katika siku zile zile za likizo ya kandanda. Lakini bajeti ya halmashauri hujadiliwa na madiwani miezi mingi kabla, wakati timu haijajua kama itabaki, itapanda au itashuka. Matokeo yake ni kwamba usajili hufanywa kwa haraka, na gharama yake hutafutiwa fungu baadaye. Diwani anayepitisha fedha ya zahanati ana haki ya kuonyeshwa, katika karatasi moja, jumla ya mishahara ya timu, muda wa kila mkataba, na deni lililobaki kwa kila aliyeachwa. Karatasi hiyo isiyozidi ukurasa mmoja ndiyo ukomo wa mishahara unapoanzia.

Tunaandika haya tukiwa mbali na viwanja vikubwa, lakini si mbali na mpira. Mwaka 2020 mkoa wetu wa Rukwa uliazimwa timu, Prisons ilipohamishia michezo yake ya nyumbani kwenye uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Tarehe 22 Oktoba mwaka huo iliifunga Simba, bingwa wa nchi, bao 1–0. Siku ile ilidhihirika kwamba timu yenye mishahara midogo inayolipwa kwa wakati inaweza kusimama mbele ya timu yenye mishahara mikubwa. Kisha Prisons ikarudi kwao Mbeya, nasi tukabaki na uwanja. Vijana wa Bonde la Rukwa wanaocheza baada ya mavuno watapanda mlima wa Ufipa kwenda kutafuta klabu, kama wenzao wa Pemba wanavyovuka bahari. Kila mmoja wao atawekewa karatasi mbele yake na kuambiwa atie saini.

Tunaitaka TFF na Bodi ya Ligi zitumie mlango uliokwisha kuwapo, yaani kanuni za leseni za klabu, na kuongeza humo sharti la ukomo wa sehemu ya mapato, likianza kwa kiwango cha juu na kushuka mwaka hadi mwaka kama walivyofanya Ulaya. Tunalitaka Baraza la Michezo la Taifa, pamoja na wenzao wa Zanzibar, wasimamie mapatano hayo na SPUTANZA. Na tunawataka wanachama wa klabu, katika mikutano yao mikuu, waache kuuliza tumemsajili nani kabla hawajauliza tumebakiwa na shilingi ngapi.

Ikifanyika hivyo, kijana wa Mtowisa au wa Wete atakapotia saini mwezi wa Julai, atajua kwamba mshahara wake wa Februari uko ghalani, umepimwa, na una stakabadhi.